Shati la Mhandisi

Kila asubuhi, kabla hajagusa nguo ya mtu, Bi Pasi alilamba ncha ya kidole chake, akaigusisha kwenye pasi, akatega sikio. Pasi ikisema "ts" fupi, bado. Ikisema "chwaaa", hiyo ni ya pamba, kazi ianze. Kidole kikiruka chenyewe kabla ya sauti, basi moto umepitiliza, aichomoe aisubiri ipoe.

"Dada, hiyo pasi ina taa," mdogo wake alimwambia kutoka kwenye karo la kufulia. "Taa ikizimika, imepata moto. Kidole utakiunguza mpaka lini?"

"Taa inadanganya. Kidole hakijawahi."

"Na siku kikidanganya?"

"Siku hiyo nitafunga mlango nikalale."

Huyo mdogo wake mtaa mzima ulimwita Mdogo, ingawa mvi zilikuwa zimeshamtawala kichwani. Kazi yake ilikuwa kufua, ya dada kupiga pasi. Chumba chao kilikuwa kimoja, chenye mlango wa bluu, kati ya kibanda cha fundi viatu na duka la jumla la mtu waliyemwita Tajiri. Nyuma kulikuwa na ua wenye kamba za kuanikia, na nyuma ya ua kijichumba alicholala Mdogo. Meza ya kupigia pasi ilikuwa mlango wa zamani. Marehemu mume wa Bi Pasi aliuokota mahali, akaulaza juu ya miguu minne, akauvika blanketi na shuka nyeupe. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo chini ya blanketi, na Bi Pasi alilijua lilipo kama mtu anavyojua pengo la jino lake. Hakuwahi kupitisha kola juu yake. Mume alipofariki alimwachia chumba, meza, na tundu lile.

Watu walikuja kwa ajili ya nguo, lakini wengine, niseme kweli, walikuja kushangaa. Kwa maana Bi Pasi alisoma mashati. Siku moja alikuja mwanamume mmoja mpole, akaweka shati jeupe mezani. Bi Pasi alilitandaza, akalitazama, akasema taratibu, "Pole, kaka. Umehama nyumbani lini?"

Yule bwana akamtumbulia macho. "Nani kakwambia?"

"Kifungo hiki. Uzi mweusi kwenye shati jeupe, halafu umezungushwa mara nyingi kama unamfunga mbuzi. Hicho kimeshonwa na mwanamume anayeishi peke yake."

Yule bwana alikaa kwenye benchi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Mdogo, aliyekuwa akikamua shuka, aliona kuwa yale ya mwisho hayakuwa ya kicheko. Alipoondoka, kifungo kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi mweupe, bure.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Shati la kiume alililaza kifua juu, kola kule, mkia huku, na mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa kifuani kutoa vilivyosahaulika, kalamu, risiti, peremende iliyoyeyuka. Haukuuliza njia. Mfuko wa shati la kiume uko upande wa moyo wa mwenyewe, na shati likikutazama, upande huo ni mkono wako wa kulia. Leo, kesho, na mtondogoo.

Sasa, mtu wa namna hiyo nani angemdanganya?

Ujumbe uliingia mchana mmoja, pasi ikiwa imesimama kwa kisigino chake na mvuke wa suruali za karani umejaa chumba. Namba ngeni, ndefu. *Samahani daktari, farasi wangu bado hali chakula. Nifanye nini?*

Bi Pasi aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Farasi! Hajawahi kumgusa farasi maisha yake yote. Na kumbe mahali fulani duniani kuna mtu amesimama kando ya farasi mgonjwa, na taabu yake imevuka yote iliyoko katikati, imemfikia yeye, hapa, kwenye suruali za karani. Akaandika kwa kidole kile kile cha pasi: *Umekosea namba, baba. Mimi si daktari, mimi napiga pasi. Ila mnyama akigoma kula, kaa naye karibu. Wanapenda mtu.*

Jibu lilikuja upesi. *Una moyo wa dhahabu. Watu wengi wangenyamaza.*

Ndivyo ilivyoanza. Kesho yake alisema farasi amekula. Keshokutwa alisema yeye ni mhandisi wa madaraja, mke wake alifariki, na Kiswahili alifundishwa na bibi yake mzaa mama. Ndiyo sababu, alisema, anaandika kama kitabu. Na kweli aliandika kama kitabu. "Mpenzi wangu wa thamani kubwa, je, umekwisha kupata kifungua kinywa chako?" Bi Pasi aliyasoma maneno hayo mara mbili mbili. Tangu mumewe azikwe, hakuna aliyemuuliza kama amekula. Wateja walimuuliza kama shati limekauka.

Naye akamweleza mambo yake. Akamweleza habari ya kidole na pasi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, kabla pasi haijashika moto, simu ilitetemeka juu ya rafu ya wanga wa kukazia kola: *Kidole changu kipenzi hakijaungua leo?*

Ukitaka kujua mtu anavyoyeyuka, ungemwona Bi Pasi wakati huo. Alisimama na pasi hewani, akitabasamu peke yake, na mvuke ukimpanda usoni.

Kisha ikaja picha. Mhandisi amesimama juu ya daraja refu, mikono yote miwili juu ya ukingo, nyuma yake vyuma vimepishana vikapanda juu mpaka vikamezwa na mawingu. Bi Pasi alishika mdomo. Daraja lile! Mtu amekaa akalifikiria kichwani, halafu likasimama! Lakini kilichomchukua moyo hasa hakikuwa daraja. Ilikuwa kola. Shati la bluu, na kola imepigwa kutoka nchani kuja katikati, si kutoka katikati kwenda nchani, ndiyo maana haikuwa na hata mkunjo mmoja kwenye pembe. Siku hizi nani anapiga hivyo? Alimwandikia, *Shati hilo nani kakupigia pasi?* Akajibu, *Mimi mwenyewe. Marehemu alinifundisha.*

Hapo ndipo Bi Pasi alipokwisha. Mtu mwingine angemalizwa na gari au nyumba au maneno. Yeye alimalizwa na kola. Alijiambia kuwa mtu mwenye subira ya kola ile hana nafasi ya uongo moyoni.

Aliikuza picha kwa vidole ili aione vizuri, na kidole gumba chake cha kulia kikaenda chenyewe kwenye mfuko, kama kawaida yake. Hakikuukuta. Mfuko ulikuwa upande wa pili. Na vifungo navyo vilifunga kama blauzi ya kike. Kidole kilisita pale juu ya kioo cha simu, kama kinavyosita juu ya pasi iliyopitiliza. Yeye akakikemea. *Nchi za watu hizo*, akawaza. *Mafundi wa huko ndivyo wanavyoshona.* Zikaja picha nyingine, Mhandisi mezani, Mhandisi bustanini, na zote mfuko upande ule ule wa kigeni. Bi Pasi akaona fahari hata, kwamba sasa anajua mashati ya ng'ambo.

Fundi viatu wa jirani alikuwa mtu wa masihara, misumari mdomoni, maneno yakipita katikati ya misumari. Alipoonyeshwa picha alizitazama sana, simu ameiinamisha huku na huku.

"Shemeji mzuri," alisema. "Ila hana miguu."

"Hana miguu vipi?"

"Mimi natazama viatu, jirani. Mtu bila viatu kwangu hajafika. Zote hizi zimekatwa kiunoni. Mwambie apige inayoonyesha soli, nikwambie kama ni wa kuoa au wa kupita."

"Wivu tu. Wewe ulitaka nikae nikiangalia visigino vyako vya raba."

"Haya. Video je? Mmeonana kwa video?"

"Kamera yake ni mbovu. Na kazini kwao hawaruhusu."

"Anajenga madaraja, kamera imemshinda!" Akatema msumari mmoja kiganjani, akaugonga kwenye soli. "Sina neno, dada yangu. Mapenzi ni kikohozi."

Mhandisi hakuomba pesa. Hilo Bi Pasi alilitaja baadaye zaidi ya lolote: hakuomba hata senti. Alisema tu kwamba ana mjomba anayeijua biashara ya pesa za mtandaoni, kwamba yeye mwenyewe ndiyo imemtoa, na kwamba anaumia akifikiria kidole kile kinaungua kila siku kwa ajili ya mashati ya watu. *Sihitaji mali yako. Pesa zibaki mkononi mwako. Mimi nitakuonyesha njia tu.* Akamtumia kiungo, akamwelekeza hatua kwa hatua, kwa upole, hata alipokosea hakumfokea.

Bi Pasi akaweka kidogo. Kesho yake kilikuwa kimeongezeka. Kulikuwa na mstari wa kijani uliopanda, ukashuka kidogo kama unavuta pumzi, ukapanda tena. Aliusimamisha kwenye rafu ya wanga akautazama huku akipiga pasi. Maisha yake yote hakuna kitu kilichokuwa kimeongezeka bila mkono wake kukipitia. Shati moja, mkono. Shuka moja, mkono. Leo hiki kinaumuka chenyewe kama unga uliotiwa hamira, naye amesimama tu! Aliogopa kupumua karibu nacho. Mhandisi akamwambia atoe kidogo ajaribu, naye akatoa, na zikaja kweli, pesa za kushika. Akamnunulia Mdogo glavu nene za mpira.

Mdogo alizivaa akaligusa karo, akavitazama vidole vya mpira vikimeta. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa sabuni, mistari myekundu kwenye kila kiungo. "Dada, pesa hizi umetoa wapi?"

"Mungu kafungua."

Basi akiba yote iliyokuwa ndani ya mto wake wa kulalia ikaingia kwenye ule mstari wa kijani. Ulipanda mpaka Bi Pasi akaacha kuitazama namba, maana ilimtia kizunguzungu. Ndipo Mhandisi akaandika kwamba dirisha kubwa limefunguka na litafungwa mwisho wa juma, kwamba fursa kama hii humjia mtu mara moja. Alijua kuhusu chumba, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kila kitu. *Uza chumba, mpenzi. Mwezi ujao nitakuja, tutafungua duka kubwa la kufulia kwa mashine. Mdogo wako hatatia mikono yake majini tena. Ila usimwambie bado. Watu wa karibu ndio wenye wivu. Tumfanyie mshangao.*

Ni hilo la mikono lililomaliza kazi. Bi Pasi alikwenda kwa Tajiri, ambaye kwa miaka mingi alikitamani kile chumba awekee magunia, wakakubaliana.

Siri haikudumu. Tajiri alikuja na kamba ya kupimia, akaanza kuipitisha kwenye ukuta, juu ya kichwa cha Mdogo aliyechuchumaa karoni.

"Unapima nini, Tajiri?"

"Kwani dada yako hajakwambia?"

Mdogo alizivua glavu, moja moja, akazianika kwenye ukingo wa karo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Dada. Mimi nitalala wapi?"

"Ni kwa muda tu. Atakuja, tutafungua..."

"Nimekuuliza nitalala wapi."

"Mdogo wangu, nafanya hivi kwa ajili yako. Tazama mikono yako!"

"Mikono yangu inauma, ndiyo. Lakini inajua inaamkia wapi." Akasimama, maji yakimchuruzika. "Mtu hujamwona uso, hujasikia sauti, anakwambia uuze alichokuachia shemeji yangu, na unifiche mimi. Mtu mwema gani anayeanza kwa kunitoa mimi? Umevikwa kilemba cha ukoka, Dada, na wewe umekiweka mezani unakipiga pasi!"

"Huna mtu, ndiyo maana huelewi," Bi Pasi alisema, na neno lilipomtoka alitamani kulirudisha, lakini neno si shati.

Mdogo alizipita glavu zake karoni. Alikwenda uani, akakaa chini ya kamba katikati ya shuka za watu.

Siku ya kutia saini mvua ilikuwa kubwa. Bi Pasi alifika na mwavuli wake mweusi, akauegemeza ukutani karibu na mlango, ukaanza kufanya kidimbwi. Ofisi ya Tajiri ilikuwa nyuma ya duka, katikati ya maboksi, na kwenye ukuta wa nyuma yake kulikuwa na vioo vikubwa vya kujitazamia, bidhaa mpya, bado vina karatasi kwenye pembe. Fundi viatu naye alikuwapo, ameitwa awe shahidi, amekaa kwenye gunia na kununa.

"Nimekuja kwa kuwa nimeitwa," alisema. "Nisije nikaambiwa nilishangilia."

"Shahidi hasemi," Tajiri akamwambia. "Shahidi anaona."

"Basi naona vibaya."

Tajiri alikuwa amevaa shati la rangi ya maziwa. Bi Pasi alilijua kama anavyokijua kiganja chake, maana alilipiga pasi jana yake. Lilikuwa na doa dogo la wino chini ya mfuko, ambalo alikuwa amelisugua kwa ndimu mpaka likabaki kivuli tu. Tajiri akasukuma karatasi na kalamu. Bi Pasi akashika kalamu. Tajiri akageuka kutafuta muhuri kwenye rafu, Bi Pasi akainua macho kuelekea kwenye kioo.

Akaliona shati lile ndani ya kioo. Limemtazama kifua wazi. Mkono wake wa kulia, uliokuwa umeshika kalamu, ukajongea kidogo kuelekea upande wa mfuko, na mfuko haukuwapo. Ulikuwa upande wa pili. Doa la wino nalo limehama nao. Na vifungo vinafunga kama blauzi ya kike.

Bi Pasi aliweka kalamu chini.

"Tajiri. Hebu simama hapo hapo."

"Kuna nini?"

"Simama tu." Akamtazama kwenye kioo, akamtazama mwenyewe, akarudi kwenye kioo. Alichungulia kama mtoto mahali pasipochunguliwa. Akatoa simu, akafungua picha ya darajani, akaiweka kando ya kioo. Mfuko kwa mfuko. Sawasawa.

"Hakuna nchi inayoshona hivi," alisema polepole. "Huyu mtu amegeuzwa."

Fundi viatu akanyanyuka kwenye gunia. "Kweli, lakini usiseme upesi. Simu ukijipiga mwenyewe picha, zingine zinageuza hivyo. Mwanangu alinionyesha."

"Mikono yake yote miwili iko kwenye ukingo wa daraja."

Mvua ilipiga juu ya mabati.

Bi Pasi akaandika: *Mpenzi, ile picha ya darajani nani alikupiga?* Jibu likaja, kama kawaida, upesi. *Rafiki yangu, mhandisi mwenzangu, alisimama mbali kidogo.* Akaandika tena: *Lile shati la bluu nalipenda sana. Mfuko wake uko upande gani?*

Walingoja. Nukta tatu zilicheza, zikasimama, zikacheza. Kisha: *Upande wa kushoto, malkia wangu. Upande wa moyo, ulipo wewe.*

Bi Pasi alisoma kwa sauti, wote wakasikia. Lilikuwa jibu tamu. Lilikuwa jibu la mwanamume yeyote mwenye shati lolote, na picha aliyoituma mwenyewe ilikuwa mbele yao ikimkanusha, mfuko umekaa upande wa kulia wa kifua chake. Aliyeandika hakuwa amewahi kulivaa shati lile. Hata kulitazama vizuri hakuwa amelitazama.

"Loo," alisema fundi viatu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Sasa mbona wazigeuze?" Tajiri aliuliza.

"Ili mwenyewe asijulikane," fundi viatu alisema. "Picha ya mtu ukiitafuta mtandaoni inakuja na jina lake. Ukiigeuza, inaweza kukupotea. Nimesikia hivyo."

Bi Pasi hakulia. Kilichomjia kwanza, ajabu, kilikuwa mshangao, na ulikuwa mkubwa kuliko ofisi ile. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na huyu ameundwa! Mtu mzima, na farasi wake, na marehemu mke wake, na bibi yake mzaa mama, na kila asubuhi salamu ya kidole. Watu wangapi walikaa kumshona, kipande hiki cha huyu, kipande hiki cha yule, mpaka mshono usionekane? Alikuwa akijisifu kwamba uzi mbaya anauona, na huu ulipita chini ya macho yake miezi na miezi. Na mahali fulani kweli kuna mwanamume mwenye shati la bluu, mfuko upande wa moyo wake, amesimama juu ya daraja la kweli, hajui kwamba dobi mmoja aliipenda kola yake. Kola ile haikudanganya. Ilikuwa ya mtu mwingine tu.

Na kidole. Kidole kilimwambia siku ya picha ya kwanza, naye akakikemea.

Alifungua ule mstari wa kijani. Ulikuwa bado unapanda, unapumua. Akabonyeza pa kutoa pesa, zote. Simu ikafikiri. Kisha yakatokea maandishi mekundu kwamba kabla ya kutoa, mteja atangulize kwanza malipo ya kodi, leo hii, la sivyo akaunti itafungwa. Na hapo hapo Mhandisi akaandika, bila kuulizwa: *Mpenzi, lipa hiyo kodi upesi. Ukishauza chumba itakuwa rahisi. Mbona umekuwa na shaka nami? Unanivunja moyo.*

"Amejuaje kama nimebonyeza?" Bi Pasi aliuliza.

Wote walikuwa wameelewa. Mhandisi na mjomba na mstari wa kijani walikuwa kitu kimoja, na kilikuwa kimekaa upande wa pili wa kioo kikimtazama.

"Mlango wa kuingilia ulikuwa bure," alisema. "Wa kutokea ndio unaolipiwa."

Tajiri alikohoa. Alikuwa mfanyabiashara, lakini hakuwa mtu mbaya. "Usifute kitu, Bi Pasi. Ujumbe, namba, vyote acha. Utavihitaji benki na polisi. Na usimtumie hata ya kodi. Hata senti." Akautazama muhuri mkononi mwake. "Mimi chumba nilikitaka kweli, siwezi kukudanganya. Lakini kama unahitaji muda, karatasi iko hapa. Kesho. Kesho kutwa."

Simu ilitetemeka mezani. Ikatetemeka tena. *Mpenzi. Mpenzi upo? Kidole changu kipenzi?*

Bi Pasi aliutazama ule ujumbe wa mwisho kwa muda mrefu. Fundi viatu alisema baadaye kwamba hajawahi kuona uso wa mtu ukinyooka vile, mkunjo mmoja mmoja, kutoka nchani kuja katikati. Kisha alilamba ncha ya kidole chake, polepole, mbele ya wanaume wawili, akaigusisha kwenye kioo cha simu, akatega sikio.

Hakuna sauti. Kioo kilikuwa baridi.

Akaigeuza simu kifudifudi, akaitia mfukoni, akasimama.

"Ile ya kwenye mto imekwenda," alisema. "Itaniuma, na nitaifanyia kazi, shati moja moja. Lakini kuna mtu amekaa chini ya kamba tangu juzi, nilimwambia neno baya."

"Na karatasi?" Tajiri aliuliza.

Bi Pasi alikuwa ameshafika mlangoni. Aliupita mwavuli wake bila kuutazama, akatoka kwenye mvua, kichwa wazi, akielekea mlango wa bluu.

"Bi Pasi! Mwavuli!"

"Mwache," fundi viatu alisema. "Usimwite mtu anayekwenda nyumbani."

Mwavuli ulibaki umeegemea ukuta, ukichuruzika kidimbwi chake mpaka kikakauka, na karatasi ilibaki mezani na kalamu juu yake. Vyote viwili Tajiri aliviweka kwa siku nyingi, akidhani atarudi. Hakurudi.